Fielder moja, bandari mbili

REHEMA: Karibuni tena jamani. Mimi Rehema, niko Tabata, Dar es Salaam, feni inazunguka nyuma yangu, kwa hiyo mkisikia upepo msishangae. Mwenzangu yuko Mombasa na leo sauti imempotea kidogo.

SALIM: Haijapotea, dada. Hii ni sauti ya mtu aliyetuma pesa Japani jana adhuhuri, na tangu hapo anaangalia simu kila dakika tano.

REHEMA: Umenunua! Miezi minne unanitumia picha za magari usiku wa manane, hatimaye umenunua. Gari gani?

SALIM: Corolla Fielder haibridi ya 2019, ile ya petroli na umeme pamoja. Mpya kwangu, kwa Mjapani ni mtumba.

REHEMA: Na kwa nini wagoni? Mimi nilidhani utachukua kile kidude kilichoinuka juu, SUV, kama wenzako wote.

SALIM: Watoto watatu, mama yangu, na kila mwisho wa mwezi Malindi na gunia la nazi wakati wa kurudi. Hicho kidude cha juu buti lake linameza begi mbili limeshiba. Halafu kwenye Fielder betri ya haibridi imewekwa chini ya kiti cha nyuma, haikuli nafasi ya mizigo. Hilo ndilo lililonivutia. Na foleni ya feri ya Likoni.

REHEMA: Feri imeingiaje tena?

SALIM: Wewe hujawahi kukaa Likoni saa kumi na moja jioni na mtoto analia joto. Kwenye haibridi hii kompresa ya AC inaendeshwa na umeme, haivutwi na mkanda wa injini. Umesimama, injini imezima, baridi inaendelea kutoka. Betri ikishuka, injini inajiwasha yenyewe kidogo, inachaji, inazima tena. Mafuta utakayochoma kwenye foleni ile ni kidogo sana.

REHEMA: Lakini ile kilomita 33 kwa lita wanayoandika...

SALIM: Ya maabara ya Kijapani, hiyo. Ilipotoka 2013 ndiyo namba waliyotangaza. Mimi nikipata 20 na familia nzima ndani, nitachinja kuku.

REHEMA: Sawa. Sasa tuje kwenye hesabu, maana ndiyo iliyotukalisha hapa. Nilikuambia wiki ile nyingine: chukua Corolla Touring, ni gari la kisasa zaidi, lilitoka 2019. Ukanikatalia kama nimekutukana.

SALIM: Kwa sababu wewe uko Dar. Ukiwa Dar, ushauri wako ni sahihi. Ukiwa Mombasa, utaniumiza. Injini ya Touring haibridi ni cc 1,797. Ya Fielder ni cc 1,496. Kenya mstari umechorwa kwenye 1,500. Chini ya hapo ushuru wa bidhaa ni asilimia 20, ukivuka ni 25.

REHEMA: Asilimia tano tu, Salim.

SALIM: Tano juu ya nini? Twende pole pole. Chukua thamani ya forodha iwe mia. Ushuru wa forodha kwetu ni 35, tangu 2023. Tuko 135. Ushuru wa bidhaa haukatwi kwenye mia, unakatwa kwenye 135. Asilimia 20 ni 27. Tuko 162. Halafu VAT 16, nayo inakatwa kwenye 162, si kwenye mia.

REHEMA: Kodi inalipiwa kodi.

SALIM: Hapo umenena. Inakuwa 188 kasoro. Ongeza ada ya tamko la uagizaji 2.5 na tozo ya reli 2, hizo zinakatwa kwenye mia. Tuko 192. Sasa weka Touring, 25 badala ya 20, uone. Unavuka 200. Yaani unanunua gari moja Japani na la pili unamnunulia serikali.

REHEMA: Ngoja na mimi nifanye ya kwetu, nina kikokotoo hapa. Mia. Forodha 25, tuko 125. Ushuru wa bidhaa kwetu, kuanzia cc 1,001 hadi 2,000, ni asilimia 5. Kwa hiyo Fielder na Touring wanakaa benchi moja. Tano ya 125 ni sita na robo. VAT yetu 18... inakuja kama 155. Ongeza reli na ada ya forodha, visehemu vidogo.

SALIM: 155 na visehemu kwa 192. Gari hilo hilo, meli hiyo hiyo, inapita kwako kwanza au kwangu kwanza.

REHEMA: Usitamani haraka. Sisi tuna mtego wetu. Nyie gari likizidi miaka minane haliingii kabisa.

SALIM: Haliingii. Ukileta mwaka 2026 lazima liwe lilisajiliwa mara ya kwanza 2019 kuja mbele. Na usukani kulia.

REHEMA: Sisi la zamani linaingia, ila unalipia uzee. Miaka minane hadi kumi, unaongezewa asilimia 15. Zaidi ya kumi, 30. Mtu anaona Fielder ya 2014 bei chee, anashangilia, analeta. Piga: 125, ongeza asilimia ile tano na ile thelathini, zote za hiyo 125, halafu VAT juu ya vyote. Inafika 199! Dada mmoja jirani yangu alileta la hivyo, akalikuta bandarini linamsubiri na bili ambayo ingemnunulia la miaka sita.

SALIM: Hakuna aliyemwambia?

REHEMA: Aliyemuuzia alimwambia bei ya gari. Hakuulizwa kodi, hakusema. Na kikokotoo cha TRA, mamlaka yetu ya mapato, kiko wazi mtandaoni, unaweka mwaka, aina, cc, kinakupa jumla kabla hujatuma hata senti. Kingine, watu wanabishana na Mjapani wiki nzima apunguze dola mia mbili wakidhani kodi nayo itashuka. Wapi! Forodha ina daftari lake la thamani.

SALIM: Kwetu vile vile. KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, wanaanzia bei ya gari likiwa jipya, wanakata uchakavu kwa umri, wanatoa kodi zilizomo ndani ya bei hiyo, kinachobaki ndiyo mia yako. Risiti yako watakuambia imependeza.

REHEMA: Binamu yako wa Muscat je? Yule anayekucheka.

SALIM: Ananicheka mpaka leo! Forodha ya nchi za Ghuba asilimia 5, VAT ya Oman 5. Mia yake inaishia 110 na kidogo. Nikamwambia basi ninunulie huko uniletee. Akaniuliza usukani uko upande gani. Nikanyamaza.

REHEMA: Kushoto, babu.

SALIM: Kushoto. Kenya hawalipokei. Hesabu yake nzuri, kwangu ni hadithi tu.

REHEMA: Tuambie ulivyolichagua. Picha zote za magari ya Japani zinang'aa.

SALIM: Picha sizitazami tena. Natazama karatasi ya mnada, ile ripoti ya mkaguzi wa mnada kule Japani. Nilikaribia kuchukua moja nyeupe, safi, muuzaji anasema haina tatizo. Nikaomba karatasi, ikachelewa siku tatu. Ilipokuja, daraja limeandikwa R.

REHEMA: R ni nini?

SALIM: Liligongwa likatengenezwa. Hili nililonunua ni daraja la 4, ndani B. Kuna mchoro wa gari kama limepasuliwa bapa, na kila kovu lina herufi yake na namba ya ukubwa. A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni bodi iliyonyooshwa. Langu lina A2 kwenye bampa la nyuma na U1 mlango wa kushoto. Naujua mlango ule kuliko ninavyoujua wa nyumba yangu.

REHEMA: Nikuachie moja ya betri. Kwenye kiti cha nyuma, ubavuni kwa chini, utaona tundu lenye vichirizi. Hapo feni inavuta hewa ya kupoza betri. Shemeji yangu wa Dodoma haibridi yake ilimwashia taa nyekundu, akaambiwa betri imekufa, anunue nyingine. Fundi mmoja mzee akafungua lile tundu tu, akatoa vumbi na nywele, donge zima, kama amemtoa paka. Kumbe watoto walikuwa wanalundika mikoba ya shule hapo.

SALIM: Wangu wataweka nazi.

REHEMA: Basi waambie mapema.

SALIM: Subiri... barua pepe. Subiri, subiri.

REHEMA: Wamerudisha pesa?

SALIM: Wamepata nafasi kwenye meli! Inaondoka Yokohama tarehe 14.

REHEMA: Inapita Dar kwanza?

SALIM: Dar, halafu Mombasa.

REHEMA: Nitashuka bandarini nikupigie picha ya ule mlango wa kushoto.