Ngazi Zilikwenda Wapi? Tramu ya ULF ya Vienna

Mabibi na mabwana, karibuni. Naomba kila mmoja aonyeshe kwa mikono kimo cha sentimita 18. Hapo hasa ndipo inapoanzia sakafu ya tramu ya ULF mlangoni, jijini Vienna, Austria, ukipima kutoka usawa wa reli. Tramu ni treni ya umeme ipitayo mitaani, na ULF ni kifupi cha Ultra Low Floor, yaani sakafu ya chini kabisa. Ni chini mno.

Tramu za zamani zilikuwa na ngazi, na wengi hudhani ni mazoea tu ya mafundi. Sivyo. Magurudumu mawili huunganishwa na ekseli inayokatiza chini ya behewa, na mota nazo hukaa huko huko. Sakafu haina budi kupita juu ya vyote hivyo. Mzee mwenye mkongojo alipokwama mlangoni, kilichomzuia hasa ni ile ekseli asiyoiona.

Wahandisi wa ULF wakaiondoa. Kila gurudumu likazunguka peke yake, likashikwa na fremu inayofanana na ya mlango, pale sehemu moja ya gari inapoungana na nyingine. Abiria hupita katikati ya fremu hiyo bila kujua. Mota zikasimamishwa wima ubavuni, mitambo mingine ya umeme ikapandishwa paani. Mimi kazi hii naistahi sana: mtu amejiuliza upya gurudumu likae wapi, kwa ajili ya mama mwenye kigari cha mtoto.

Waliopanda mwendokasi Dar es Salaam wataniuliza: kwa nini wasiinue kituo, kama sisi? Ni njia nzuri penye barabara iliyotengwa. Lakini Vienna tramu hupita katika mitaa mikongwe, na huwezi kujenga jukwaa refu mbele ya duka la mtu.

Hadi 2017 Vienna ilikuwa imepata ULF 332, za aina mbili: fupi, mita 24 hivi, na ndefu, mita 35 hivi. Gharama yake ipo karakana. Muundo wa peke yake una vipuri vya peke yake, na matengenezo yake ni magumu. Kwa hiyo tramu mpya zaidi ya Vienna, Flexity, iliyoanza kazi mwishoni mwa 2018, imerudia mpangilio uliozoeleka zaidi wa magurudumu, na sakafu yake mlangoni imepanda sentimita chache.

Sasa tuangalie mchoro wa ile fremu.