Dawa ya Uzee na Vidonge Kwenye Pindo la Kanga

GWAKISA: Msikilizaji, karibu tena katika kipindi chetu kutoka hapa Soweto, Mbeya, ambako baridi ya Julai imetulazimu kurekodi tukiwa tumevaa makoti. Mwenzangu Atupele yuko mwaka wa nne wa udaktari, na kwa miezi kadhaa sasa hana mazungumzo mengine isipokuwa ya kurefusha maisha. Dada, umeanza kuogopa uzee mapema hivi?

ATUPELE: Siuogopi, kaka Gwakisa, bali unanishangaza. Walionivuta ni panya. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya panya waliopewa rapamaisini, dawa iliyotokana na bakteria wa kwenye udongo wa kisiwa cha Rapa Nui, na ambayo hospitalini hutumika kuzuia mwili usiikatae figo iliyopandikizwa. Panya hao walianza kupewa dawa wakiwa na siku 600, umri unaolinganishwa na miaka 60 hivi ya binadamu, na bado waliishi muda mrefu kuliko wenzao. Nilipoisoma habari hiyo bwenini, usingizi uliruka.

GWAKISA: Basi bibi yangu kule Tukuyu akianza kuimeza kesho, atafika miaka 120?

ATUPELE: Hapana. Dawa hiyo inaweza kudhoofisha kinga ya mwili, na hakuna jaribio lililothibitisha kwamba inamwongezea binadamu miaka. Jeanne Calment wa Ufaransa, ambaye umri wake ndio mkubwa kuliko wote uliothibitishwa, alifariki mwaka 1997 akiwa na miaka 122, na hadi leo hakuna aliyempita, pamoja na virutubisho vyote vinavyonadiwa mitandaoni.

GWAKISA: Kopo moja nililinunua mimi, kwa shilingi 45,000, na kilichobadilika ni rangi ya mkojo tu.

ATUPELE: Pole. Sasa nikueleze kilichonigeuza. Nikiwa kwenye mafunzo kliniki, alikuja mama mmoja mwenye umri wa miaka 71, mkulima wa viazi, akafungua pindo la kanga na kunionyesha vidonge vyake vya presha, karibu vyote alivyopewa miezi miwili nyuma. Kipimo kilisoma 190 kwa 110. Nilipomuuliza sababu, akanijibu kwa upole kabisa: "Mjukuu wangu, nilimeza wiki mbili nikapona, hivi nimeviweka akiba, kichwa kikiuma nitameza."

GWAKISA: Lakini si alikuwa anajisikia mzima?

ATUPELE: Ndiyo, na hapo ndipo penye hatari, kwa sababu presha huweza kukaa mwilini miaka mingi bila maumivu yoyote huku ikiharibu mishipa ya moyo, figo na ubongo, hadi siku mtu anapoamka upande mmoja umepooza. Vidonge vile vya bei nafuu vimethibitishwa, kwa majaribio mengi ya binadamu na si ya panya, kwamba hupunguza kiharusi na vifo. Nilikuwa nikitafuta dawa ya kurefusha maisha, kumbe ilikuwa imefungwa fundo mbele yangu.

GWAKISA: Nikubishie kidogo: huko ni kutibu ugonjwa, wala si kuuzuia uzee.

ATUPELE: Hoja yako ina uzito. Wapo watafiti wanaoamini kwamba tukiupunguza kasi uzee wenyewe, presha, saratani na usahaulifu vyote vitachelewa pamoja, na mimi bado natamani kuusomea utafiti huo. Ila mzee hapimwi kwa miaka peke yake. Misuli huanza kupungua polepole tangu ujana unapoisha, na mtu asiyeweza kuinuka mwenyewe huanguka, huvunjika nyonga, kisha hulala kitandani. Kipo kipimo kisichohitaji maabara: kaa kitini, kunja mikono kifuani, uinuke na kukaa mara 5. Mzee akizidisha sekunde 15, tunashuku kwamba misuli yake imedhoofika.

GWAKISA: Ngoja nijaribu hapa hapa. Hesabu.

ATUPELE: Moja. Mbili. Kaka Gwakisa, umeshika meza.