Ng'ombe akigeuka "ngómbe": kibodi ya Kiaislandi na kitufe chake kinachosubiri

Hamjambo huko nyumbani? Karibuni tena, tuko Reykjavík. Leo ni kibodi tu, kwa wewe unayejifunza Kiaislandi ukiwa Mwanza au Mombasa, na laptopu yako ina vitufe vya Kimarekani.

Kiaislandi kina herufi 32, na sita ni irabu zenye kistari juu: á, é, í, ó, ú, ý. Kistari hicho si pambo. "Ég á vin" ni "nina rafiki". "Ég á vín" ni "nina mvinyo". Shauri yako sasa.

Kuiweka kwenye Windows 11: fungua mipangilio, ingia sehemu ya saa na lugha, kisha lugha na eneo. Kwenye lugha unayotumia fungua chaguo zake, ongeza kibodi, chagua Icelandic. Kuhama kati ya kibodi mbili, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na kile kirefu cha nafasi.

Kuanzia hapo usiyaamini maandishi yaliyo juu ya vitufe. Kulia kwa P sasa ni ð. Kulia kwa L, penye nukta mkato, ni æ. Penye mkwaju (/), jirani na Shift ya kulia, ni þ. Ö iko kulia kwa sifuri. Na kile kitufe kilichokuwa cha ritifaa ('), kabla ya Enter, ndicho kitufe mfu. Jina limetoka kwenye taipureta: kitufe kiligonga alama bila kusogeza karatasi, herufi ikaja kukaa papo hapo chini yake.

Kwa hiyo kistari kwanza, herufi baadaye. Kibonyeze, kiachie, halafu a: unapata á. Kwenye Windows hakuna kitu kitakachoonekana mpaka herufi ifuate, basi usikirudie ukidhani kimekufa kweli. Ukibonyeza mara mbili utapata ´´. Ukitaka Á kubwa, Shift ishikwe kwenye A tu. Ukiishika kwenye kitufe mfu, kinatoa ritifaa ya kawaida, na utaandika 'A.

Hapo ndipo Waswahili tunapoumia. Vidole vimezoea ng'ombe. Andika n, g, kitufe kilekile cha siku zote, o: inatoka "ngómbe". King'amuzi kinakuwa "kingámuzi". Ng'ang'ania, usiseme! Dawa ni kitufe cha pili kulia kwa P: kinatoa ' papo hapo, hakisubiri mtu. Wengine hubonyeza kitufe mfu na kile cha nafasi, lakini hiyo ni ´, alama nyingine kabisa. Macho hayaoni tofauti, kompyuta inaiona, na ukitafuta neno hulipati.

Mtego kama huo uko kwenye Ð, yaani ð kubwa. Đ ya Kikroeshia inafanana nayo sura, ila ni herufi tofauti. Usinakili kutoka popote, ichape kwa Shift na kitufe chake.

Alama ya @ ni AltGr (yaani Alt ya kulia) na Q, mkwaju ni Shift na 7. Na kabla ya kuandika nywila, tazama kona ya chini kulia ujue uko kibodi ipi, maana kwenye vile vidoto hutaiona ó iliyojipenyeza.