Mombasa Iliyoko Angani

Wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliokaa nyuma, hamjambo.

Kutoka hapa Kisiwani hadi Kilifi ni kilomita hamsini na kitu. Basi liko jiwe lenye upana huo, kilomita 57 hivi, linalozunguka jua katikati ya Mirihi na Mshtarii, na jina lake ni Mombasa. Kwa ukamilifu huandikwa 1428 Mombasa. Mzee mmoja ameniuliza mlangoni kama huo ni mwaka wa Hijria. Hapana, mzee wangu, ni nambari yake tu katika orodha ya asteroidi.

Aliyeigundua ni Cyril Jackson, mzaliwa wa Uingereza aliyefanya kazi Johannesburg, tarehe 5 Julai 1937. Miaka minne nyuma, siku moja tu, 15 Juni 1933, alikuwa amepata nyingine mbili zilizokuja kuitwa Kenya na Uganda. Enzi hizo anga lilipigwa picha kwenye vioo, kisha picha za sehemu ileile zikalinganishwa. Nyota hubaki palepale. Kidoa kilichohama ndicho kinachotafutwa.

Sasa upana umejulikanaje, na hakuna aliyekwenda na futikamba? Hapa pana mtego. Kidoa hafifu kinaweza kuwa kijiwe kidogo cheupe, au pande kubwa jeusi. Mwanga peke yake hautoshi kuamua. Lakini gusa bati jipya na bati lililopakwa lami, saa saba mchana, utaniambia. Cheusi hunywa jua na kulitoa kama joto, na joto hilo setilaiti hulipima. Ndipo ikaonekana kwamba Mombasa hii ni nyeusi kama makaa: mwanga unaoiangukia, hurudisha asilimia 5 hivi tu.

Tena si duara kama chungwa. Inapojigeuza, mwanga wake hupanda na kushuka, na kwa kuuhesabu tumejua siku yake ni saa 16 na dakika 40 hivi. Kenya ni mzito zaidi: kujigeuza mara moja huichukua kama saa 188, karibu siku nane zetu. Wageni wa Nairobi mtanisamehe.

Mwaka wake ni miaka yetu minne na miezi minane na ushei. Tangu Jackson aione, haijatimiza mizunguko 20. Darubini yangu hii ndogo haiifikii, lakini nje mwezi umeshatoka. Tupange foleni, watoto mbele.