Tuanze na Chaki: Kufundisha Safari ya Walowezi kwa Vitendo

Walimu wenzangu, na wazazi mliofika, ahsanteni.

Kwa mwalimu wa shule ya msingi hapa Marekani, somo la walowezi waliohamia magharibi halikwepeki. Watoto hutengeneza mishumaa, wakala mkate wa mahindi, likaisha. Sipingi mishumaa. Ila naomba tuanze na chaki.

Chora sakafuni mstatili wa mita 3 kwa mita 1.2. Ndivyo lilivyokuwa gari la maksai kwenye Njia ya Oregon, takriban kilomita 3,200 kutoka Missouri hadi Oregon, upande wa magharibi, safari ya miezi minne hadi sita. Ingiza watoto sita kama familia moja. Kisha leta maboksi: unga, kama kilo 90 kwa kila mtu mzima, nyama ya chumvi, maharage, jembe, mbegu, pipa la maji. Haipiti muda mtoto anauliza, "Sasa sisi tutakaa wapi?" Hapo somo limeanza. Wengi walitembea kwa miguu! Waambie maksai wamechoka na milima iko mbele, mzigo upunguzwe. Utasikia ubishi: jembe au kitanda? Kila mtoto atetee boksi lake kwa sababu, na wewe mwalimu nyamaza.

Siagi nayo haigharimu kitu. Krimu kwenye chupa yenye mfuniko, watoto watikise kwa zamu. Inakuwa nzito, mikono inachoka, wanataka kukata tamaa. Mara donge linagonga ukuta wa chupa na maziwa mepesi yamejitenga. Wasafiri waliweka krimu garini asubuhi, mtikisiko wa njia ukafanya kazi hiyo. Na wazazi mliokulia kwenye ufugaji, mliotikisa maziwa kibuyuni, njooni darasani muwaonyeshe.

Sasa jambo linaloniuma zaidi. Gari lile halikupita kwenye nchi tupu. Mwaka 1851, huko Fort Laramie, serikali ya Marekani iliwekeana mkataba na wenyeji wa asili wa nchi hiyo, Walakota, Wacheyenne, Wacrow na mataifa mengine: mipaka ya ardhi yao itambuliwe, wasafiri wapite salama, na mataifa hayo yalipwe kila mwaka kwa miaka 50. Seneti ikapunguza miaka hiyo ikawa 10. Mwaka 1862 ikaja sheria ya kumpa mlowezi ekari 160 akiishi na kulima kwa miaka mitano.

Hilo pia lifundishwe kwa mikono. Msiwavishe watoto manyoya ya karatasi. Mataifa hayo yapo hadi leo, yana serikali zao na shule zao. Wapeni ramani, wachore mipaka ya 1851, kisha wachore juu yake mashamba na reli vilivyofuata. Wachore ukanda wa miaka 50 ya malipo, halafu waukate kwa mkasi ibaki 10. Watakuwa na maneno mengi ya kusema. Wapeni kipindi kizima, msiwabane kwenye dakika za mwisho kabla ya kengele.