Mkasi, Brashi na Tezo

Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo?

Mwenyeji wetu amenitambulisha kama msanii. Nashukuru, ila neno hilo bado linanipwaya kama koti la kuazima. Kwa miaka 31 nimekuwa fundi cherehani hapa Dar es Salaam. Rangi niliishika nikiwa na miaka 58, macho yalipoanza kugoma kutunga uzi kwenye sindano.

Nilianza kwa kumuiga Tingatinga, na mzee huyu tusimpite juu juu. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa kusini, Tunduru, mwaka 1932. Akafanya kazi kwenye mashamba ya mkonge Tanga, akaja Dar kutafuta vibarua. Alianza kuchora mwaka 1968, mtu mzima kabisa, hana shule ya sanaa, juu ya vipande vya hadibodi, kwa rangi ya baiskeli. Mwaka 1972 polisi wakampiga risasi wakimdhania mhalifu, akafa. Miaka minne tu ya kuchora!

Wapo wanaosema chui wake wamekaa bapa kwa kuwa hakusoma. Mimi nawaambia wakanunue kopo la rangi ile wajaribu. Ni nzito, inang'aa, haitaki kufifishwa pole pole kama rangi ya maji. Inataka kulala yote sawasawa na ukingo wake uwe safi. Chui yule amezaliwa na kopo pia.

Chui wangu mimi walifanana na mbwa wa jirani. Tatizo langu likawa kwamba rangi inasamehe. Mguu umepinda? Funika. Mkia haujakaa? Funika. Nilifunika hadi ubao ukawa mzito kama sinia la pilau, na mama watoto akaniuliza, "Baba, huyo mnyama anaisha lini?"

Ndipo nikaenda Mwenge, kwa wachonga vinyago. Mzee mmoja wa Kimakonde akanipa kipande cha mpingo, akanikataza kukigusa kwa tezo, kile kishoka cha kuchongea. "Kigeuze kwanza." Nikakigeuza mpaka alasiri. Mpingo kwa nje una mti mweupe, rangi ya siagi. Weusi wenyewe uko ndani. Ukiutupa majini unazama. Ukiuacha juani unapasuka, ndiyo maana magogo yao yanalala kivulini. Kukigeuza kule nikauona uelekeo wa nyuzi zake, na moyo ukatulia. Jamani, hii si nguo? Anayekata sketi bila kuangalia nyuzi zinakwendaje, sketi itamning'inia upande. Na ukishapitisha mkasi, umepitisha.

Mtaniambia, mbona Lilanga, yule mchongaji na mchoraji maarufu, naye alianzia kwenye kazi nyingine kama mimi, akiwa mlinzi pale Nyumba ya Sanaa, kituo cha wasanii hapa Dar, kabla ya kujulikana? Kweli, lakini yeye kuchonga alitoka nako kwao, Umakondeni. Simtumii kujitetea.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa mwanamke ameinama anatunga uzi. Siku ya tatu patasi ikateleza, pua ikaruka. Nilikaa nayo mapajani, nikatafuta kwa mazoea kitu cha kufunikia. Hakuna. Halafu nikakumbuka dukani: fundi akikata mkono wa shati mfupi, mteja huambiwa huo ndio mtindo. Nikamwinamisha zaidi yule mama, nikateremsha ushungi mpaka usoni. Ukimtazama sasa, macho yako yanakwenda kwenye vidole vyake, na vidole ndivyo nilivyokuwa navijua tangu mwanzo. Ni vya mke wangu, gumba limepinda kwa miaka ya kushona nguo za wateja kwa mkono.

Rangi sijaiacha. Ila siku hizi kila ubao naupa mkono mmoja wa rangi, basi. Palipoharibika panabaki, nami naanza kutafuta la kufanya kutokea hapo.

Huyo mama nimekuja naye. Anzeni kumpitisha kutoka safu ya mbele, mumshike kwa mikono miwili tafadhali, maana akiwaangukia mguuni mtajua kwa nini mpingo unazama.