Kiduha Kwanza

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu, wanafunzi, asanteni. Tukikaa kujadili njaa ya dunia, majibu ni yale yale: mbegu bora, mbolea, maji. Sipingi hata moja. Norman Borlaug, mtafiti wa mbegu Mmarekani, alipewa Nobeli ya Amani mwaka 1970 kwa ngano yake fupi, na alistahili. Lakini ngano ile ilistawi kwenye umwagiliaji na mbolea tele. Mahindi ya huku kwetu kando ya Ziwa Victoria yana adui aliyejificha ardhini, na hatutaki kumtaja.

Watu wa Siaya mnamwita kayongo. Sisi tunasema kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi. Ua lake la zambarau linapendeza kweli, ila ukiliona limechanua ujue umechelewa. Chimbua mche mmoja wa mahindi taratibu, suuza mizizi kwenye ndoo: utaona vijishina vyeupe vimeng'ang'ania, vinanyonya. Ndiyo maana mahindi yananyauka na mvua inanyesha! Mmea mmoja wa kiduha hutoa makumi ya maelfu ya mbegu, laini kama ugoro, na zinaweza kukaa udongoni zaidi ya miaka 10 zikingoja mzizi wa mahindi utoe kemikali ya kuziamsha. Sasa mwambie mkulima anunue mbegu ya bei ghali aipande hapo. Umemsaidia nani? Umekilisha kiduha.

Kuna mtu ataniambia, si wang'oe? Wanang'oa! Akina mama wanang'oa msimu mzima kwa mikono, wanatupa kando, ng'ombe wanakula, mbegu zinarudi shambani na samadi. Jamani, tusiwafanye wakulima wavivu.

Dawa ipo, na imepatikana hapa hapa. Miaka ya 1990, pale Mbita, kando ya ziwa letu upande wa Kenya, Zeyaur Khan wa ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu, na wenzake, wakishirikiana na kituo cha Rothamsted cha Uingereza, walikuwa wanapambana na bungua, yule funza anayetoboa mabua. Wakapanda desmodiamu, mmea wa malisho, katikati ya mistari ya mahindi ili nondo wake, wale vipepeo wanaotaga mayai ya bungua, wakimbie, na majani ya nepia pembeni yawavute. Kumbe kiduha nacho kikapungua, na hawakuwa wakikitafuta! Mizizi ya desmodiamu huziamsha mbegu za kiduha, kisha huzizuia zisishike mzizi wa mahindi. Zinaota na kufa. Isitoshe, ni jamii ya kunde, inarutubisha udongo. ICIPE wanaeleza wakulima waliotoka chini ya tani 1 kwa hekta wakafika tani 3.5.

"Lakini desmodiamu hailiwi na watu." Inaliwa na ng'ombe, na maziwa mnakunywa. "Palizi ni ngumu." Msimu wa kwanza ni ngumu, nakubali kabisa, mpaka ishike. Ikishika hupandi tena kila mwaka, unaikata tu.

Nilitaka kusema kuhusu ghala, maana sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa nafaka, ya mwaka 2004 iliua watu 125 kule mashariki mwa Kenya, na hayo yalikuwa mahindi yaliyokwisha kuvunwa. Na bei, na barabara. Muda umekwisha, nayaacha.

Ombi langu kwenu maofisa wa kilimo ni moja. Mbolea mnaitolea ruzuku. Mbegu ya desmodiamu mkulima anaitafuta duka hadi duka, akiipata bei inamshinda. Iwekeni kwenye orodha hiyo hiyo ya ruzuku, msimu ujao, kabla ya mvua za kupandia. Karibuni maswali.